Puliza

Muuguzi kaja kutoka Viborg na mashine ndani ya begi la bluu,
bomba la karatasi ngumu, kibanio cha pua.
Ukumbi wa chuo cha kilimo unanuka kahawa na soksi.
Tuko thelathini na mmoja kwenye foleni,
wakulima tusio na shamba bado.
"Vuta mpaka ujae. Haya, puliza!
Puliza, puliza, puliza, usiniachie njiani!"

Mimi ni mtoto wa ghorofa ya tatu, Aarhus.
Ng'ombe wa kwanza nilimkaribia nina miaka kumi na sita,
nikapiga chafya kumi na nne bila kituo,
naye akaacha kucheua, akanitazama kama mgonjwa mwenzake.
Tangu siku hiyo Villads, jina nililopewa na mama, halina kazi hapa:
naitwa Chafya.
Ukilikata kichwa neno hilo linabaki afya,
ila kisu sijakipata.
Nina barakoa, nina pampu mfukoni, nina vidonge vya asubuhi,
na macho mekundu kuanzia Mei mpaka nyasi ziishe kukatwa.

Tjalfe, mwenzangu wa chumba, yeye kazaliwa shambani, Salling.
Alitambaa zizini kabla hajasimama dede,
alikunywa maziwa yenye kapi la ngano juu.
"Mimi mavi yalinichanja," husema, kisha hucheka,
na kicheko siku hizi kinaishia kifuani
kama trekta uliyoizima ikakataa kuzimika.

Mimi ndiye ninayezijua saa zake.
Saa tisa alasiri anafungua marobota,
yale ya Agosti, yaliyofungwa mvua ikitunyemelea,
na ndani yake moshi mweupe usio na moto.
Saa nne usiku anatetemeka chini ya mablanketi mawili,
shuka limelowa, anasema mafua.
Jumanne mafua. Ijumaa mafua.
Ukungu wa bondeni huondoka jua likipanda;
ukungu wa robota haujui jua,
humwingia mtu ukakaa, mpangaji asiyelipa.

Zamu yangu: mstari ukapanda kwenye skrini, kilima kifupi,
lakini kilima.
Zamu yake: akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama.
Kichuguu.
"Tena," akasema muuguzi. Tena. Tena.
Kisha akakivuta kiti karibu, sauti ikashuka:
"Jioni hupatwa na homa?"
Tjalfe akaangalia viatu vyake.
Nikapiga chafya. Ya kweli, sikuipanga.
Akanigeukia kana kwamba nimemsaliti.

Pumzi, pumu, pumziko: ndugu wa tumbo moja
ambao sijawahi kuwaona meza moja.

Usiku ule alisimama mbele ya kioo cha bafu
na ndevu zake za kwanza, nyuzi thelathini hivi za dhahabu,
miezi minane ya subira,
kwa sababu barakoa haishiki juu ya ndevu.
Alinyoa shavu moja, akapumzika ameshika sinki.
Akanyoa la pili.
Halafu akaniomba nikae pale akimpigia baba yake,
mwenye ng'ombe themanini na wanne na mtoto mmoja.
Akaiweka simu ukingoni, spika wazi, karibu na povu.
Ikalia mara tano.
Tukasikia mlango wa zizi, mnyororo,
halafu kikohozi, kirefu, kikavu, cha miaka mingi,
kabla ya halo.